Night of the Living Dead (1968): maswali ambayo huulizwa kila tukiiweka

Hii ndio muvi ya kutisha nnayoipenda kuliko zote, na sitanii. Huwa twaiweka juu ya nyumba hapa Kibokoni, Mombasa, projekta, shuka nyeupe, spika moja kubwa, na kila ikiwekwa kuna mgeni na kila mgeni ana maswali yale yale, mengine ya kuchekesha mno na mengine ya maana sana, sasa nimeyaandika yote hapa ili mtu asome kabla hajaja ama akisharudi nyumbani, na wakati wa muvi yenyewe tupate kusikia wanasema nini. Nasimulia mpaka mwisho. Kama hutaki kujua stelingi apatwa na nini, angalia kwanza ndio usome.

Ni muvi gani hii, mbona sijawahi kuisikia?

Ushaiona bila kujua. Wale mazombi wa muvi zote, wanaokuja kundi zima pole pole, wanaokula watu, ukiumwa nawe wafa halafu waamka kama wao, na dawa yao ni kupigwa kichwani tu, mambo hayo yote yameshikana kwa mara ya kwanza hapa. Zamani zombi wa sinema alikuwa mtu aliyerogwa na ana bwana wake anayemtuma kazi, kama msukule wa kwenye muvi za Bongo. Hawa hawana bwana. Aliyeongoza ni George A. Romero, script wakaiandika yeye na John Russo, na waliipigia huko Pittsburgh na vijiji vya karibu, jimbo la Pennsylvania, mbali na Hollywood kabisa. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1968.

Hadithi ni nyepesi. Barbra na kakake Johnny wamekuja makaburini kuweka shada kwa kaburi la baba yao, kunatokea mtu mrefu wa suti awavamia, Johnny aangukia jiwe la kaburi na kichwa, Barbra akimbilia nyumba moja ya shamba, hapo aja Ben, na baadaye kumbe chini ya ile nyumba kuna chumba na kuna watu wamejifungia humo wakati wote. Kisha ni usiku mzima, mazombi nje, ugomvi ndani.

Ni ya rangi?

La. Nyeusi na nyeupe, dakika 96. Kuna nakala zilizopakwa rangi baadaye, usihangaike nazo.

Ni kweli iliundwa kwa pesa kidogo?

Kweli kabisa, kama dola 114,000, ambayo kwa sinema za Marekani hata wakati ule ilikuwa ni pesa ya kahawa. Romero na wenzake walikuwa na kampuni yao ya kutengeneza matangazo ya biashara, na Romero mwenyewe alishawahi kupiga kipande cha kile kipindi cha watoto cha Fred Rogers, kile ambacho yule mzee mpole aenda kutolewa tonsili hospitali. Kutoka huko mpaka wafu wanaotafuna utumbo, subhanallah! Walianza watu kumi, kila mmoja akatoa dola 600, ndio wakaipa kampuni jina Image Ten, halafu wakatafuta wengine wa kuchangia.

Na kwa sababu pesa hakuna, kila mtu alifanya kazi mbili tatu. Yule Johnny anayekufa mwanzo ni Russell Streiner, prodyuza. Karl Hardman, yule Harry Cooper mwenye kelele, pia prodyuza, na yule msichana mgonjwa kule chini, Karen, ni mtoto wake wa kweli, Kyra Schon. Mkewe Harry kwenye muvi ni Marilyn Eastman, huyo alisaidia mekapu na bado akaigiza zombi mmoja anayetoa mdudu kwenye mti na kumla. Mtu mmoja ni mama wa ndani na zombi wa nje! Hapo kwetu watu hucheka sana nikiwaonyesha, mpaka narudisha nyuma wamuone tena. Yule zombi wa kwanza wa makaburini, Bill Hinzman, naye alikuwa mtu wa kamera. Hawa wengine waliojazana nje ni marafiki, wateja wa kampuni ya matangazo na watu wa kijiji cha Evans City, ndio maana utaona mwingine ametoka na nguo ya kulalia, mwingine suti safi, kila mtu na zake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ibomolewe. Na kule chini si pale, zile sehemu walizipiga chini ya jengo la ofisi yao mjini.

Ile damu ni nini? Na ile nyama wanayokula?

Damu ni sharubati ya chokoleti, aina ya Bosco. Kwa sababu hakuna rangi, chokoleti yaonekana damu kabisa, nzito, yang'aa, hata kuliko damu yenyewe. Nyama ni ya nguruwe ya kuchoma, na utumbo ni utumbo wa kweli wa bucha maana mmoja wa waliocheza alikuwa na mabucha. Kwa hivyo zombi unayemuona amekunja uso huku atafuna, huyo anakula nguruwe aliyemwagiwa chokoleti. Nikisema hivi juu ya nyumba kelele zinazotoka hapo si za kawaida, kina mama ndio zaidi, kuna mmoja huwa atema mate chini kila mara kana kwamba amelishwa yeye.

Ushauri wa kweli: ile sehemu yaja baada ya lori kulipuka. Kama una mishkaki, maliza kabla ya wao kutoka nje kwenda kwenye pampu ya petroli.

Yule zombi wa makaburini alitoka kaburi lipi?

Hakutoka kaburi lolote. Hili ndio swali wengi wanakosea, na jibu lake liko kwenye redio na tivii za mle ndani kama mtu atanyamaza asikize. Wanaoamka ni waliokufa majuzi na hawajazikwa, wale wa mochari, wa hospitali, wa majumba ya mazishi. Yule mzee alikuwa yuapita tu. Hakuna ardhi inayopasuka wala mkono unaotoka mchangani, hayo yameletwa na wengine baadaye.

Sababu ya kuamka? Kwenye tivii wanasayansi na wanajeshi wabishana mbele ya waandishi kuhusu chombo kilichotumwa sayari ya Zuhura kikarudi na miale ya ajabu kikalipuliwa njiani, mmoja akubali mwingine amkatiza, na muvi haisemi nani mkweli. Mimi naona ni vizuri ilivyoachwa hivyo, maana mtu aliyezingirwa usiku hatapata jibu lililo kamili, atapata uvumi wa redio.

Ni majini hawa?

La. Jini ana akili, aongea, aweza kukubembeleza, na hapa Mombasa kila mtu ana shangazi aliyewahi kuona mwanamke mrembo mwenye kwato. Hawa hawana hadithi, hawana madai, hawataki ubani wala kuku mweusi. Wana njaa tu. Ndio maana yatisha, hakuna wa kuongea naye.

Mbona wanakwenda pole pole hivyo? Mimi ningekimbia.

Kila kijana husema hivi! Na mle ndani kuna mkuu wa polisi ambaye mwandishi wa habari amuuliza hao watu wanakwenda pole pole, naye ajibu kavu kavu kwamba ndio, wamekufa, wameharibika. Huyo ni George Kosana, na hapo ndipo tunapocheka kuliko kote kwenye muvi, maana ameulizwa swali kubwa la dunia nzima ajibu kama aulizwa bei ya nazi.

Lakini angalia vizuri, wale hawachoki. Wewe utakimbia, utapumzika, utapiga simu, utabishana na shemeji yako, wao wanakuja tu. Mwenda pole hajikwai, ndio hao. Na ukiangalia hakuna mtu mle ndani aliyekufa kwa sababu zombi alimshinda mbio.

Barbra mbona hafanyi kitu, akaa tu kwenye kochi?

Huyu hutukanwa sana na mimi humtetea kila mara. Kwanza angalia mwanzo. Amemuona kakake anauliwa, amekimbia na kiatu kimoja kimoja vyamvuka, ameingia garini, ufunguo anao marehemu, zombi avunja kioo kwa jiwe, na huyu msichana afikiria nini? Aachilia hendibreki gari literemke lenyewe kwenye mteremko. Wangapi hapa wangefikiria hivyo? Gari likaja likagonga mti, na hiyo nayo ina kisa chake, gari lilikuwa la mamake Streiner na liligongwa kweli kweli wakati wa kupiga muvi, sasa ule mbonyeo utafichwaje, basi wakaandika kwenye hadithi kwamba lagonga mti. Hiyo ndio raha ya watu wasio na pesa lakini wana akili.

Halafu baada ya yote hayo, akifika ndani salama, mwili waisha. Judith O'Dea aigiza mtu aliyeona jambo kubwa kuliko kichwa chake, ashika kitambaa cha mezani akipapasa papasa, aeleza kifo cha kakake kama mtoto anayesimulia ndoto. Watu wengi wanaopatwa na msiba wako hivyo kabisa. Ukitaka kumcheka mcheke Johnny, aliyelalamika safari ni ndefu, shada ni la bei, na akamkejeli dadake kwa kusali mbele ya kaburi la baba yao. Hapo bibi yeyote aliye kwenye mkeka husema "amejitakia", na kweli dakika mbili hazipiti.

Kwa nini wagombana wakati wote? Si wangeshirikiana tu!

Sasa hapa ndio muvi yenyewe. Nje ni wafu wasiojua hata kufungua mlango vizuri, ndani kuna bunduki, mbao, misumari, redio, na baadaye tivii. Walikuwa wapone wote. Tatizo ni Ben asema tukae juu tuzibe madirisha, Harry asema twende chini tujifunge, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema haya, tufanye nusu yako nusu yangu. Kuna kijana mmoja, Tom, ajaribu kusuluhisha, na mke wa Harry amwambia mumewe waziwazi kwamba hata kama hawapendani, kufa pamoja hakutatua kitu, lakini wapi, wanaume wawili washaanza kupimana nani mkubwa wa nyumba ambayo si yao.

Harry nilikuwa nikimuona mwoga tu, na ni mwoga kweli, alisikia Barbra apiga mayowe juu na hakupanda. Lakini sikiza: mwisho wa yote, kila kitu kikishaporomoka, Ben apona wapi? Kule chini. Palepale Harry aliposema tangu mwanzo. Yaani yule mbaya alikuwa sawa kwa jambo moja na yule mzuri alikosea jambo lilelile, na bado ukiulizwa ungemfuata nani ungemfuata Ben. Hili lishazua mabishano hapa kwetu mpaka mwadhini akaadhini, na sijaona muvi yenye mamilioni ikifanya hivyo.

Na ule mpango wa petroli, wa kujaza lori ili watoroke! Watoka na mwenge, funguo haikubali kwenye pampu, Ben apiga kufuli risasi, Tom kwa papara amwaga petroli ovyo na moto uko pale chini, lori lashika, arudi kwenye lori ati aliondoe, Judy, mpenzi wake, jaketi lanasa, kwisha. Dereva yeyote wa matatu akiangalia hii sehemu asimama wima na kupiga kelele. Ni uchungu na ni kichekesho kwa pamoja, hamna mzimu pale, ni haraka tu ya binadamu.

Stima mbona haipotei kwa hao?

Yapotea! Na yapotea wakati mbaya kuliko wote, dakika chache kabla ya shambulio kubwa. Watu wa Mombasa wote hapo hupiga kelele kwa pamoja, kuna aliyewahi kuinuka kwenda kuangalia mita.

Ben ni mweusi na hakuna anayetaja. Ilikusudiwa?

Duane Jones, aliyeigiza Ben, alikuwa mwalimu na mwigizaji wa jukwaa, na Romero alisema alipewa kwa sababu ndiye aliyefanya vizuri kwenye majaribio. Ben alikuwa ameandikwa kama dereva wa lori mwenye maneno makali, Jones akambadilisha akamfanya mtu mwenye kuongea kwa utaratibu. Hakuna neno moja la rangi linalosemwa mle ndani. Lakini hii ni Marekani ya 1968, na mtu mweusi ndiye atoa amri, ampiga mzungu, na hatimaye ampiga risasi. Romero alisimulia kwamba walikuwa wapeleka muvi New York kwa gari, ndipo redio ikatangaza Martin Luther King ameuawa. Hiyo ni Aprili 4. Ukijua hivyo, ule mwisho hauuangalii tena vilevile.

Kwa hivyo stelingi afa? Stelingi hafi!

Huyu afa. Najua, najua. Sisi tumekulia kwenye sheria hiyo, stelingi apigwa risasi ya bega, afungwa kitambaa, adui ndiye aanguka. Ben ndiye pekee aliyemaliza usiku akiwa hai, asubuhi asikia mbwa na bunduki na watu, apanda juu pole pole aangalia dirishani, na wale waokozi wamuona kwa mbali wadhani ni zombi, risasi moja ya kichwa. Halafu haiishi kwa muziki wa huzuni, yaisha kwa picha za mnato, zenye chembechembe kama za gazeti, wanaume wameshika kulabu za bucha, waburuta mwili wake, wautia motoni pamoja na zombi wa kwanza. Juu ya nyumba kwetu ndio wakati pekee hakuna anayeongea, hata watoto wa jirani.

Kampuni moja ya kusambaza muvi, American International Pictures, ilitaka mwisho ubadilishwe ndio waichukue. Romero akakataa. Mtu hana pesa, ana deni, na bado akakataa, mimi kwa hilo peke yake namheshimu.

Sehemu gani yakutisha wewe?

Johnny anaporudi. Wakati mlango umeshavunjika na mikono kibao yaingia, Barbra hatimaye ameinuka kutoka kwenye kochi, amekuja kusaidia, amesukuma mlango kwa nguvu zake zote, na kati ya zile nyuso aiona ya kakake. Amevaa bado zile glovu zake za kuendeshea gari, alizokuwa nazo makaburini. Amshika. Mtu aliyekuwa amtania dadake mchana kwa sauti ya kutisha kwamba wanakuja kumchukua, sasa kaja yeye mwenyewe. Mwiko wa fundi ambao mtoto Karen, akishakuwa zombi, amuulia mamake kule chini ndio watu huutaja zaidi, sawa, lakini mimi ni glovu.

Naweza kuangalia na watoto?

Wadogo usiwalete. Wakati ikitoka Marekani mpango wa kuweka alama za umri ulikuwa haujaanza, ulianza Novemba 1968, sasa wazazi wakawapeleka watoto matinii, yale maonyesho ya mchana, wakidhani ni mambo ya kuchekesha ya mazimwi. Mhakiki Roger Ebert alikuwemo ukumbini na akaandika mwaka 1969 vile watoto walivyoacha kupiga kelele wakanyamaza kabisa, na msichana mdogo alikuwa amekaa alia tu. Pia kuna zombi mmoja mwanamke aonekana uchi kwa nyuma, kwa hivyo kama umekaa na mama mkwe, wakati mazombi waanza kukusanyika nje usiku jifanye wamimina chai.

Ni halali kuiweka bila kulipa?

Kwa Marekani ndio, iko huru tangu siku ya kwanza. Sheria yao ya wakati ule ilitaka tangazo la hakimiliki liwe kwenye filamu yenyewe. Mwanzo ilikuwa yaitwa Night of the Flesh Eaters, wasambazaji, Walter Reade Organization, wakabadilisha jina, na walipotoa lile la zamani wakatoa na tangazo, wakasahau kulirudisha. Basi, kila mtu akawa aweza kuiuza kanda na wenyewe hawapati kitu. Iliwauma sana na najua ni dhuluma, lakini ndio sababu ilifika kila mahali. Mwaka 1999 ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa huko Marekani.

Nakala nyingi za bure ni chakavu, sura hazionekani na sauti yakoroma. Tafuta iliyosafishwa, ya 2016 walioisimamia ni Museum of Modern Art ya New York na The Film Foundation, tofauti yake ni mbingu na ardhi, waona mpaka misumari.

Wakija Mombasa itakuwaje?

Swali la kila mtu na kila mtu ana jibu, hili ni langu. Kwanza kumbuka wanaoamka ni wasiozikwa, na hapa wengi wetu twazika siku hiyohiyo, mtu afa alfajiri, adhuhuri ashasaliwa, alasiri yuko Kikowani ama Manyimbo ashafukiwa. Kwa hivyo mazombi wetu watakuwa wachache sana, ni wa mochari tu. Pili sisi ni kisiwa. Ukifunga njia zote za kuingia, kama Makupa na daraja la Nyali, na ukazuia feri Likoni, hawana pa kupita, na muvi haionyeshi zombi akiogelea. Tatu, nyumba za Mji wa Kale, ukuta mnene wa matumbawe, mlango wa mbao wenye misumari, madirisha na vyuma. Ben angelia kwa furaha, maana alikaa usiku kucha atafuta mbao za kuziba.

Tatizo letu litakuwa moja, ndani. Tutakaa juu ya dari ama chini? Nani ashike funguo? Ami atataka hivi, mkwe atataka hivi, jirani atakuja na watu wake wanane, na kabla zombi wa kwanza hajafika mlangoni tutakuwa tushagawanyika vyumba viwili.

Nikishaiona niangalie gani?

Dawn of the Dead ya 1978, Romero mwenyewe, watu wamejifungia kwenye jumba la maduka na hiyo ina rangi, jitayarishe. Halafu Day of the Dead ya 1985. Kuna iliyorudiwa 1990 chini ya Tom Savini, Ben ni Tony Todd, na Barbara wa humo ashika bunduki mwenyewe, ile dada zangu waipenda sana na wana haki. Ila hii ya 1968 kwanza, usiku, taa zimezimwa, na simu weka mbali.